Neno "Posterity" na Watajwao Ndani Yake

Kiingereza kina maneno mengi ya kuwatajia wazao. "Offspring" ni neno la Kiingereza cha kale, na maana yake ya asili ni kilichochipuka kutoka katika kingine, kama chipukizi litokalo shinani. "Posterity" si hivyo. Neno hili liliingia katika Kiingereza mwishoni mwa karne ya 14 kwa njia ya Kifaransa, na mzizi wake ni neno la Kilatini "post", yaani "baada". Mzizi huo hautaji tumbo wala damu. Wataja mfuatano tu, wajao nyuma. Mfasiri wa Kiswahili aandikapo "uzao" hutia habari ya kuzaa, ambayo mzizi haukuisema.

Tofauti hii yaweza kudhaniwa kuwa ndogo. Lakini Katiba ya Marekani, iliyotiwa sahihi Philadelphia tarehe 17 Septemba 1787, yasema katika dibaji yake kwamba imewekwa ili watu wa nchi hiyo wapate neema za uhuru, wao na "posterity" yao. Je, hao ni akina nani?

Dred Scott, mtumwa aliyepata kukaa na bwana wake katika Illinois, ambako utumwa ulikatazwa, alianza kudai uhuru wake mwaka 1846. Tarehe 6 Machi 1857 majaji 7 kati ya 9 wa Mahakama Kuu walimkatalia. Jaji Mkuu Roger Taney aliitaja dibaji hiyo, akashika kwamba Waafrika walioletwa utumwani, pamoja na wazao wao, hawakuhesabiwa katika watu wale. Jaji Benjamin Curtis aliitaja dibaji iyo hiyo na kumpinga: Katiba ilipokubaliwa, watu weusi walio huru walikuwa raia katika majimbo yasiyopungua 5, basi wao na vizazi vyao wamo.

Wote wawili walilifahamu neno kwa njia ya nasaba. Walichohitilafiana ni wazee, si wajukuu: nani alihesabiwa kwanza, hata wengine wakaitwa wafuasi wake?

Scott aliachwa huru mwaka ule ule, akafa mwaka 1858. Sahihisho la 14 la Katiba, mwaka 1868, liliacha kuuliza habari za wazee. Azaliwaye katika nchi na kuwa chini ya sheria zake ni raia. Mfasiri wa dibaji hiyo, basi, na apime vema kabla ya kuandika "uzao wetu". "Watakaokuja baada yetu" ni tafsiri iliyo karibu zaidi na Kilatini, nayo haimfungii mtu mlango.