Mtoto wa Dirishani

Ripoti zangu za shule ya msingi ziko kwenye bahasha ya kaki, chini ya vitenge vya mama sandukuni. Walimu walibadilika, maneno hayakubadilika: ana uwezo, lakini hana umakini, aongeze bidii. Za mdogo wangu wa kiume zimejaa wino mwekundu: mtundu, hatulii, anasumbua wenzake. Yeye alichapwa. Mimi niliachwa nitazame nje, maana mtoto anayetazama mwembe hamsumbui mtu.

Mwaka jana, nikiwa na miaka 26 na sura ya pili ya tasnifu imechelewa miezi saba, daktari aliniambia nina ADHD, yaani hali ya upungufu wa umakini na utukutu. Nilitoka pale na swali la mwanafunzi wa historia: tulikulia nyumba moja, mbona dalili za mdogo wangu zilionekana na zangu hazikuonekana?

Nilianzia mwaka 1798. Daktari wa Kiskoti, Alexander Crichton, alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya akili, na ndani yake akaweka sura nzima juu ya umakini. Aliwaeleza watu ambao mlango ukifungwa, meza ikisogezwa, au mwanga ukizidi kidogo, mawazo yao hutawanyika. Alisema mtu anaweza kuzaliwa hivyo, na kwamba hali hiyo humsumbua mtoto katika masomo. Katika maelezo yake hakuna mtoto anayepigana wala kuvunja vyombo. Niliposoma habari ya mlango na meza, nilijiona.

Lakini wengi wanaosimulia historia hii huipa uzito zaidi London ya mwaka 1902. Huko, George Still, daktari wa watoto, alitoa mihadhara mitatu mbele ya madaktari wenzake. Aliwaeleza watoto wenye akili timamu walioshindwa kujizuia: wenye hasira za ghafla, wakaidi, waongo, wengine wasioweza kutulia hata mchezoni. Wengi walikuwa wavulana. Still aliita hali hiyo kasoro ya udhibiti wa kimaadili. Neno hilo, maadili, ndilo lililonisimamisha. Suala la umakini lilikuwa limegeuka kuwa suala la tabia, na mtoto mwenye tabia mbaya ndiye anayepelekwa kwa daktari. Msichana aliyekaa kimya nyuma ya darasa angepelekwa na nani?

Miaka iliyofuata iliendelea kumtazama mtoto yuleyule. Kuanzia mwaka 1917 hadi mwishoni mwa miaka ya 1920 kulienea ugonjwa wa kuvimba ubongo, na baadhi ya watoto walionusurika wakawa hawatulii tena. Mwaka 1937, huko Rhode Island, Marekani, Charles Bradley aliwapa watoto 30 wenye matatizo ya tabia dawa ya kusisimua mwili iitwayo Benzedrine. Kumi na wanne kati yao walibadilika sana katika masomo. Dawa ya kuchangamsha ilikuwa imewatuliza. Hata hivyo, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 1968 bado uliiita hali hiyo kwa jina la utukutu wa utotoni, ukasema kwa kawaida hupungua mtoto akifikia ujana.

Aliyesaidia kugeuza macho ni Virginia Douglas, mwanasaikolojia wa Kanada. Mwaka 1972 alieleza kwamba shida kubwa ya watoto hawa ni kudumisha umakini na kujizuia, wala si kurukaruka peke yake. Mwongozo wa mwaka 1980 ukabadilisha jina, ukakubali kuwa mtu anaweza kuwa na upungufu wa umakini bila utukutu wowote. Yaani ilichukua karibu karne mbili kumrudia mtu wa Crichton.

Mwongozo wa mwaka 2013 una orodha mbili za dalili tisa tisa. Upande wa utukutu: kuhangaika kitini, kukatiza wengine, kushindwa kusubiri zamu. Upande wa umakini: kupoteza vitu, kusahau miadi, kuanza kazi bila kumaliza, kuonekana husikii unaposemeshwa. Mtoto huhitaji kuwa na dalili sita katika orodha moja. Aliyefikisha miaka 17, tano. Ziwe zimedumu miezi sita, baadhi zimeanza kabla ya miaka 12, zionekane katika mazingira mawili au zaidi, na ziwe zinamkwamisha kweli. Kwa mtu mzima, kurukaruka huweza kuhamia ndani: mwili umekaa kikaoni, kichwa kinakimbia.

Masharti hayo yana maana. Asiyelala vizuri, mwenye wasiwasi au sonona, hata mtoto asiyeona ubao vizuri, anaweza kuonekana vivyo hivyo. Orodha hukupeleka kwa daktari; haichukui nafasi yake.

Nilimsomea mama orodha ile tukichambua mchele. Nilitaka aelewe kwamba sikuwa mvivu. Alisikiliza, kisha akainuka kwenda kuzima jiko ambalo maharage yalikuwa yameanza kuungua, kama yanavyoungua karibu kila wiki nyumbani kwetu. Aliporudi alikuwa ameshika kikombe cha chai alichokuwa akikitafuta tangu asubuhi.

Nilikuwa nimesoma pia kwamba hali hii hurithiwa kwa kiwango kikubwa. Sikulisema.

"Hebu rudia hapo kwenye kupoteza vitu," akasema.

Nikarudia. Safari hii nilisoma polepole, na mama alikuwa akihesabu kwa vidole.