Kamkoda ya kidijitali

Kamkoda ya kidijitali ni kamera ya video inayonasa picha na sauti kwa wakati mmoja na kuzihifadhi humo humo kama data. Kamkoda ya kwanza kuuzwa kwa watu wa kawaida, Betamovie ya Sony, ilitoka mwaka 1983. Ilitumia kanda za analogi, tena haikuweza kuonyesha ilichorekodi: kanda ilitolewa ikatiwa kwenye deki nyumbani ndipo watu waione. Mfumo wa DV ulioanza mwaka 1995 ulileta kanda ya MiniDV, yenye upana wa milimita 6.35 na muda wa dakika 60, ambayo iliingizwa kwenye kompyuta kwa waya wa FireWire bila picha kufifia. Zikafuata kamkoda za DVD ndogo, za diski ngumu, na hatimaye za kadi ya SD, hasa baada ya mfumo wa AVCHD kutangazwa mwaka 2006.

Mwenye kamkoda mpya huanza kwa kujaza betri, kuweka tarehe na saa, kisha kurekodi nyumbani kwa siku kadhaa kabla ya kuibeba kwenye shughuli. Zoezi la kwanza lisiwe harusi ya mtu. Mashine ina mpangilio wa kujipimia mwanga yenyewe, na mara nyingi unatosha, lakini gauni jeupe la bibi harusi huuhadaa: kamkoda huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso mweusi wa mwenye shughuli unazama gizani. Dawa yake ni kuvuta picha hadi uso ujaze skrini, kuacha mashine ipime hapo, kufunga kipimo hicho, ndipo kurudi nyuma. Mtu aliyeketi akiwa amelipa dirisha mgongo huleta taabu ile ile. Kumgeuza ni rahisi kuliko kubonyeza vitufe. Rangi nazo husawazishwa kwa kuielekezea kamera karatasi nyeupe chini ya mwanga utakaotumika, kwa sababu balbu ya manjano na jua la saa sita haviipi karatasi hiyo rangi moja.

Baadhi ya kamkoda za Afrika Mashariki zililetwa na ndugu wanaoishi ng'ambo, na hapo pana jambo la kuangalia. Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hufuata mfumo wa televisheni wa NTSC na umeme wa hezi 60, ilhali Tanzania, Kenya na Uganda zilifuata PAL na umeme wao ni wa hezi 50. Chini ya taa za mirija, picha za kamkoda hizo huweza kupepesa au kuwa na mistari inayopanda na kushuka. Kasi ya shata, yaani muda ambao kila picha hupokea mwanga, ikiwekwa 1/100 ya sekunde badala ya 1/60, kupepesa huko hutulia. Chaja nayo isomwe kibandiko: iliyoandikwa volti 100–240 huhitaji plagi ya kubadilishia tu.

Katika vifaa vya ziada, pesa ya kwanza iende kwenye sauti. Maiki ya ndani ya kamkoda hunasa kilicho karibu nayo, na kilicho karibu nayo ni pumzi ya mpigaji na vidole vyake. Ziko familia zinazotazama kanda ya marehemu babu akisimulia ukoo wao: midomo inacheza, mikono inaonyesha, na kinachosikika ni jenereta ya jirani. Picha yenye giza huweza kuangazwa kidogo kwenye kompyuta. Maneno yaliyomezwa na kelele ni vigumu sana kuyarudisha. Maiki ndogo ya kubana kifuani, hata ya waya, humsogezea msikilizaji sauti ya babu. Kamkoda itakayonunuliwa basi iwe na tundu la maiki na tundu la hedifoni, maana asiyesikiliza wakati wa kurekodi hugundua kasoro wageni wakishaondoka. Ufukweni, sifongo au manyoya ya kufunika maiki huzuia upepo wa kusi usivume juu ya maneno.

Stendi ya miguu mitatu hufuata, kwa kuwa kadiri picha inavyovutwa ndivyo mtikisiko wa mkono unavyokuzwa. Uvutaji unaofaa ni ule wa lenzi. Wa kidijitali hupanua vitone tu na kuharibu picha. Betri ya akiba ni lazima, na betri za lithiamu zisiwekwe kabatini zikiwa tupu kabisa. Kadi za SDHC hufikia GB 32, na rekodi ndefu hukatwa vipande visivyozidi GB 4. Wanaoanza hudhani vipande hivyo ni makosa, wakachukua kimoja na kufuta vingine. Folda nzima inakiliwe kama ilivyo, kwenye diski mbili, ndipo kadi ifutwe.

Pwani ina adui wake: unyevu. Kamkoda ikitolewa chumba chenye kiyoyozi hadi joto la nje la Mombasa au Dar es Salaam, lenzi hupata ukungu, na zile za kanda hujifunga zenyewe mpaka zikauke. Ifungwe kwenye mfuko usiopitisha hewa kabla ya kutoka, iachwe humo mpaka ipate joto. Kuvu huota ndani ya lenzi iliyofungiwa muda mrefu kwenye begi lenye unyevu, kwa hiyo pakiti za jeli ya silika ziwekwe humo na zibadilishwe.

Kanda za MiniDV zilizobaki majumbani zinahitaji kuhamishiwa kwenye kompyuta haraka. Vichwa vya mashine za kuzichezea vinachakaa, na kompyuta mpya kwa kawaida hazina tundu la FireWire. Saa moja ya kanda huchukua takriban GB 13 ikihamishwa, na huhamishwa kwa mwendo wa kuchezwa: saa moja kwa saa moja.