Kiti cha Mzee Rupp

Jumapili ile tulipofungwa na timu ya zoni ya jirani, wazee waliokaa pembeni ya uwanja hawakuzungumzia mchezo. Walimzungumzia mtu ambaye hayupo. "Kocha wetu angekuwepo, mechi hii ilikuwa yetu." Kocha wetu, maana yake yule aliyepanda basi la safari mwaka juzi, na sasa yuko ng'ambo. Kocha wa leo ni dada wa miaka 26 ambaye zamani alikuwa anaandika pointi tu. Alisikia kila neno. Akaokota mipira yetu miwili, akaenda zake bila kuaga.

Usiku nikamtumia mdogo wangu ujumbe wa sauti. Yeye yuko Lexington, jimbo la Kentucky, Marekani, mji uliopokea Wakongo wengi kutoka kambi kama hii yetu. Akacheka sana. "Kaka, huku ni vile vile! Kazini kwetu watu wanabishana juu ya kocha kila asubuhi, na huyo wanayemlilia leo ndiye waliyekuwa wanamfukuza jana." Nikataka kujua zaidi, nikaanza kusoma.

Timu yao ni ya Chuo Kikuu cha Kentucky. Mpira wa kikapu wa vyuo, basketi kama tunavyosema, una jambo moja la kulielewa kwanza: wachezaji ni wanafunzi, baada ya miaka michache wanaondoka. Anayebaki ni kocha. Kwa hiyo mashabiki huhesabu miaka kwa majina ya makocha, kama sisi tunavyohesabu kwa vita: kabla ya vita ya kwanza, baada ya vita ya pili.

Jina la kwanza ni Adolph Rupp. Alianza 1930, akaondoka 1972. Alishinda mechi 876 na ubingwa wa taifa mara nne: 1948, 1949, 1951 na 1958. Uwanja wa timu uliofunguliwa 1976 unaitwa Rupp Arena. Hebu fikiria: unafika kazini, na mlangoni pameandikwa jina la mtu unayelinganishwa naye.

Lakini Rupp wa kwenye midomo ya watu si Rupp mzima. Ubingwa wake wa kwanza ulikuja katika msimu wake wa 18. (Kwa haki, mashindano yenyewe ya NCAA yalianza 1939 tu.) Msimu wa 1952-53 timu yake haikucheza kabisa, ilifungiwa baada ya kashfa ya wachezaji waliopokea pesa za wacheza kamari na makosa mengine ya chuo. Halafu kuna jambo zito zaidi, rangi. Mwaka 1966 Kentucky ilifika fainali na wachezaji Wazungu watupu. Wapinzani wao, Texas Western, chuo cha mji wa El Paso, walikuwa na kocha Don Haskins, naye aliwapanga Weusi watano kuanza mchezo. Texas Western wakashinda 72 kwa 65. Mchezaji Mweusi wa kwanza wa Rupp, Tom Payne, alisajiliwa 1969. Watu wanabishana mpaka leo kosa ni la Rupp kiasi gani, na la chuo na majirani zao wa kusini kiasi gani. Mimi naona karibu miaka 40 ni mingi mno kwa mtu kusema alikuwa anawasubiri wengine. Mwaka 2020 baadhi ya wahadhiri wa chuo hicho waliomba jina lake litolewe uwanjani. Lipo bado.

Rupp hakutaka kuondoka. Kanuni ya chuo ilimtaka astaafu akifika miaka 70, na kiti akapewa msaidizi wake, Joe B. Hall, mtoto wa Kentucky mwenyewe. Maskini Hall! Alishinda mechi 297 na kupoteza 100 katika miaka 13. Alileta ubingwa 1978 kwa kuifunga Duke, Jack Givens akitia pointi 41 peke yake. Hata hivyo msimu ule ule watu walisema timu haina furaha, maana kwao kushinda lilikuwa deni analolipa, wala si zawadi. Eddie Sutton aliyemfuata alidumu miaka minne, akajiuzulu 1989 wakati chuo kinachunguzwa, na timu ikazuiwa kucheza mashindano ya mwisho wa msimu kwa miaka miwili.

Hapo akaja Rick Pitino kutoka New York. Alikuta nyumba imeungua, kwa hiyo kila tofali alilopandisha lilishangiliwa. Mwaka 1992 timu yake ilipoteza kwa Duke, 104 kwa 103, kwa mpira uliorushwa sekunde ya mwisho ya muda wa nyongeza. Walioshindwa siku ile walipendwa kuliko mabingwa wengi. Jezi za wanne kati yao zikapandishwa darini. Nikasoma hilo mara mbili. Kumbe mashabiki wanaweza kupenda kushindwa, ikiwa wanakumbuka walikotoka. Mwaka 1996, ambao wengi wetu wa Kivu tunaukumbuka kwa mambo mengine kabisa, Pitino alichukua ubingwa. Mwaka uliofuata akaenda Boston. Baadaye, 2001, akarudi Kentucky kufundisha Louisville, watani wakubwa wa timu ile ile. Sitaeleza jinsi walivyompokea.

Nataka kukaa kidogo kwa Tubby Smith. Jina lake halisi ni Orlando, mtoto wa sita kati ya 17 wa familia ya wakulima huko Maryland. Mwaka 1997 akawa kocha mkuu wa kwanza Mweusi wa timu hiyo, katika jengo lenye jina la Rupp. Msimu wake wa kwanza kabisa, ubingwa. Wakasema: hiyo ni timu ya Pitino. Mwaka 2003 alishinda mechi zote 16 za ligi yao. Wakasema: mbona fainali hakufika? Misimu kadhaa alipoteza mechi 10 au zaidi, wakamtungia jina la dhihaka kwa hesabu hiyo. Kwa miaka kumi alishinda 263 na kupoteza 83, yaani wastani wa ushindi 26 kila msimu. Mwaka 2007 akaondoka mwenyewe kwenda Minnesota, kabla hawajamwambia. Je, rangi yake ilihusika? Wapo walioapa kwamba hapana. Mimi nasema tu kwamba Pitino alipewa hesabu ya alipoanzia, na Smith akapewa hesabu ya alipoishia Pitino.

Mrithi wake, Billy Gillispie, alipewa misimu miwili tu, wakamtoa. Ghafla Smith akawa mtu mwema aliyeonewa. Mwisho wa 2021 jezi yenye jina lake ikapandishwa darini, karibu na zile nyingine. Ilichukua miaka 14.

John Calipari aliingia 2009. Yeye alikusanya vijana wenye vipaji vikubwa kuliko wote, wakacheza mwaka mmoja, wakaenda NBA. Ubingwa 2012. Mwaka 2015 walishinda mechi 38 mfululizo, wakaanguka nusu fainali. Kwetu sisi, huyu ndiye kocha wa Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi. Msimu wa 2021-22 Oscar alichaguliwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Mechi moja alidaka ribaundi 28! Mdogo wangu anasema siku hizo hata mama zetu wasiojua kikapu ni nini walikuwa wanauliza, "Oscar amecheza?" Lakini Machi 2022 Kentucky walitolewa mechi ya kwanza na Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City, ingawa Oscar alitia pointi 30. Machi 2024 wakatolewa tena mapema, na Oakland. Watu wakachoka, na yeye akachoka nao. Akaenda Arkansas.

Aprili 2024 akatajwa mpya: Mark Pope, nahodha wa mabingwa wa 1996, mtu aliyewahi kuacha masomo ya udaktari ili afundishe mpira. Hasira ikawaka. Walitaka jina kubwa, huyu hajashinda hata mechi moja ya NCAA akiwa kocha! Siku chache baadaye alipotambulishwa, uwanja ukajaa karibu watu 20,000, kwa kumsikia akiongea tu. Msimu wake wa kwanza aliifunga Duke, akafika 16 bora. Ila tarehe 1 Februari 2025 Calipari alikuja na Arkansas yake, akazomewa mlangoni, akashinda 89 kwa 79. Mdogo wangu anasema kesho yake kazini palikuwa msiba.

Ninyi wafanyakazi wa mashirika, mnaobadilishwa kila baada ya muda, mnaijua hali hii. Afisa mpya hajakaa vizuri kwenye kiti, tayari anaambiwa yule wa kwanza alikuwa mtu wa watu. Na yule wa kwanza, nakumbuka, tulimlalamikia kila siku ya mgao.

Basi nikaenda kwa dada kocha, nikamwomba daftari la pointi. Ni yeye aliyeliandika tangu mwanzo. Kurasa za kwanza ni za mwaka ambao kocha wetu wa zamani alianza kazi. Mechi ya kwanza, tumefungwa. Ya pili, tumefungwa. Ya tatu mchwa wamekula, haisomeki. Kuanzia ya nne mpaka ya saba, tumefungwa.

Nikalipeleka kwa mzee anayeongea kuliko wote pale uwanjani. Akavaa miwani, akasoma polepole, akarudisha ukurasa nyuma, akasoma tena.

"Hiyo ya tatu," akasema, akiweka kidole kwenye tundu la mchwa, "hiyo nakumbuka tulishinda."