Msaji wa Brashi: Mabehewa ya LNER na Mafundi wa Mifano

Kati ya mafundi wa treni za mfano Uingereza kuna dai lisilokwisha: kwamba kuchora mistari ya mbao kwenye behewa dogo la abiria ni ulaghai, na kwamba fundi makini hupaka kahawia moja safi, akamaliza kwa vanishi. Dai hili linasahau jambo zito. Kampuni ya reli ya LNER yenyewe iliwatumia mafundi rangi kuchora mistari hiyo hiyo kwenye mabehewa makubwa.

Mwanzo wa ufundi wa treni za mfano unajulikana. Watengenezaji wa vinyago Märklin walionyesha treni zao Leipzig mwaka 1891, Bassett-Lowke akafungua biashara ya treni za mfano Northampton mwaka 1899, na kwa miaka mingi behewa la mfano lilikuwa bati lililochapwa rangi kiwandani. Hata msaji wa mabehewa ya mfano ya Hornby Dublo, mwaka 1938, ulikuwa chapa juu ya bati.

Kinachonivuta ni London and North Eastern Railway (LNER), iliyoundwa mwaka 1923, na mhandisi wake mkuu, Nigel Gresley. Mabehewa yake yalivaa msaji, mti ule ule ambao maseremala wa Unguja na Lamu waliuthamini kwa milango yao, kwa kuwa mafuta yaliyomo huzuia kuoza. Ubavuni hayakupakwa rangi. Mbao zilipigwa vanishi, tabaka juu ya tabaka. Behewa likitoka karakana liling'aa kama asali. Miaka ya masizi na vanishi mpya juu ya kuukuu ikaligeuza kahawia nzito. Kwa hiyo treni moja iliweza kubeba rangi nne au tano, na anayeuliza rangi sahihi ya msaji ni ipi lazima kwanza aulize behewa lilikuwa na umri gani.

Kisha chuma kikaingia. Kampuni ilipoagiza mabehewa yenye ubavu wa chuma, haikutaka yaonekane mageni katikati ya mengine. Mafundi walipaka rangi ya chini iliyofifia, wakapitisha juu yake rangi nyepesi ya kahawia, wakaivuta ikiwa bado mbichi hadi mistari ya mbao ikatokea, kisha vanishi. Edward Thompson, aliyemrithi Gresley mwaka 1941, aliendelea hivyo kwenye mabehewa yake ya chuma ya baada ya vita. Abiria wa mwaka 1946 aliweza kupanda behewa la msaji ambao haukuwahi kuwa mti.

Fundi wa mfano anayefuata hatua hizo hizo hadanganyi mtu. Plastiki au shaba husafishwa mafuta, hupigwa praima, kisha rangi ya mchanga inayoelekea manjano. Ikikauka vizuri, rangi ya mafuta ya kahawia nyekundu huvutwa kwa brashi ngumu iliyofutwa karibu ikauke. Vipande vichache huongezwa giza kimoja kimoja, maana mbao mbili hazifanani. Maandishi ya dhahabu hubandikwa juu ya uso unaong'aa, na vanishi ya mwisho hufunga kazi yote. Paa jipya ni jeupe. La treni iliyokwisha safiri ni kijivu cha moshi.

Wapinzani wana hoja moja ninayoiheshimu, ya umbali. Katika kipimo cha 1:76, kulitazama behewa kwa nusu mita ni sawa na kusimama mita 38 kutoka lile halisi, na hapo hakuna jicho linalohesabu mistari. Ni kweli. Lakini kwa mita 38 jicho bado huona kwamba kipande hiki ni chekundu kidogo kuliko jirani yake, na kahawia moja huifuta tofauti hiyo yote. Dawa yake ni kuchora kwa mkono mwepesi zaidi.

Treni za LNER, ile ya rangi ya fedha ya Silver Jubilee ya mwaka 1935 na ile ya buluu ya Coronation ya 1937, zimeandikwa kupita kiasi. Sina la kuongeza. Afadhali fundi ajaribu behewa la Thompson kabla reli hazijataifishwa mwaka 1948. Dirisha lake la choo lina umbo la yai, na ubavu wake ni bapa, hauna vipande vya mbao vya kufunika maungio. Hapo brashi haina ukingo wa kufuata, na mkono usio thabiti huonekana mara moja.