Kabati ya zamani, kiti kipya: historia ya vyombo vya nyumba kati ya Shinkolobwe na Likasi

Wandugu wa Kikula, Panda, Shituru na Likasi, na ninyi familia mliohama mkasambaa mbali, leo tuongee juu ya meza, vitanda na makabati. Watu wengi wanajua Shinkolobwe kwa sababu ya bomu. Wachache wanauliza watu waliokaa pale walilalia nini, walikulia wapi, na vyombo vyao vilikwenda wapi.

Mgodi wa Shinkolobwe uligunduliwa mwaka 1915. Kwanza Union Minière ilitafuta radiamu ndani yake. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa kampuni, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za madini ya uraniamu New York, na sehemu ya uraniamu ya Shinkolobwe iliingia katika kazi ya bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945. Mambo hayo yameandikwa katika vitabu vingi. Historia ya nyumba imeandikwa kidogo.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ilibadilisha namna ya kuajiri. Zamani mfanyakazi alikuja peke yake kwa miezi michache, akarudi kwao. Sasa alitakiwa kuja na bibi na watoto, akae miaka. Mtu wa kupita anaridhika na mkeka. Familia inayokaa inataka kitanda, meza, na kabati ya kufungia nguo. Hivyo kazi ya fundi mbao ikakua pamoja na kambi za wafanyakazi.

Miti yetu ilisaidia. Mulombwa, ambao Watanzania wanauita mninga, hauogopi sana mchwa, na ukikaushwa vizuri haupindi ovyo. Ndiyo maana meza ya babu inaweza kuwa na rangi mbaya, mguu mmoja umevunjika, lakini mbao ya ndani bado ni nzima.

Kisha ikaja miaka ya kuhama. Mwaka 1960, karibu na uhuru, mgodi ulifungwa na mashimo yakazibwa kwa simenti. Mwaka 1992 na 1993, wandugu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Maelfu walilala kwenye gare ya Likasi wakingojea treni, na wengine walifia pale pale. Mtu anayefukuzwa hana muda wa kubishana bei. Nyumba na vyombo viliuzwa kwa pesa kidogo sana, au viliachwa. Hili tuliseme bila kuogopa: katika saloni nyingi za mji wetu kuna kiti ambacho kilitengenezewa familia nyingine.

Miaka kumi baadaye, 2003 na 2004, Gécamines iliachisha kazi zaidi ya watu 10,000 kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, uliolipiwa na Banki ya Dunia. Wakati huo huo, maelfu ya wachimbaji walikuwa Shinkolobwe wakitafuta kobalti. Januari 2004 rais aliamuru mgodi ufungwe. Julai udongo ulianguka, watu wasiopungua 8 wakafa. Agosti kijiji kiliondolewa kwa nguvu, na nyumba zikabomolewa na kuchomwa. Kijiji cha watu karibu 15,000 kilitoweka. Kabati haibebwi kwa kichwa. Kinachobebwa ni sufuria, godoro, mtoto.

Kwa hiyo fundi wa Likasi anayegeuza kabati kuwa viti viwili, au kitanda kuwa benchi ya kuuzia mikate, anafanya kazi ambayo historia yetu imemfundisha. Ufundi wenyewe hauna siri kubwa. Chombo kinafunguliwa polepole, maana ukipiga nyundo kwa hasira unapasua mbao. Misumari inatolewa yote, inanyooshwa, inahesabiwa. Penye unga mwepesi wa wadudu panakatwa na kutupwa. Vyombo vya zamani vingi viliunganishwa kwa ulimi wa mbao unaoingia katika tundu, bila msumari. Fundi mwenye akili anaiacha kona hiyo kama ilivyo, maana ina nguvu kuliko atakayotengeneza upya. Mwisho ni randa, msasa na vanishi.

Lakini kuna mbao ambazo hazipaswi kufika kwa fundi. Mbao, mabati na vyuma vilivyotoka ndani ya mgodi wa Shinkolobwe viachwe huko. Vumbi la uraniamu linaweza kushika katika mbao, na ukipiga msasa unalivuta ndani ya mapafu. Kuzichoma kwenye mbabula si dawa: moto hauui mionzi, inabaki katika majivu na moshi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliofika mwisho wa 2004 walisema pia kwamba mgodi ule unaweza kuanguka tena. Hakuna kiti chenye thamani ya hatari hiyo. Ukiletewa mbao, uliza kwanza imetoka wapi.

Swali hilo hilo lina faida nyingine. Familia za Shinkolobwe hazina tena kijiji cha kuonyesha watoto. Familia zilizopanda treni ya 1993 hazina nyumba ya kurudia. Kinachobaki ni kile kilichobebwa, na wakati mwingine ni mbao moja tu. Kabla fundi hajaanza kukata, mzee wa nyumba aseme mbele ya watoto: meza hii ilinunuliwa wapi, nani aliila mezani, ilifikaje hapa. Kisha chini ya kiti kipya, mahali pasipoonekana, fundi aandike kwa penseli jina la familia na mwaka. Inachukua dakika moja. Mjukuu atakayekigeuza kiti hicho siku moja ataikuta.