VPS Ilitoka Wapi? Historia Fupi kwa Anayetafuta Seva ya Kupanga

Juzijuzi nilikesha siku mbili nikipekua programu yangu mstari kwa mstari, nikitafuta kosa ambalo halikuwapo. Nilikuwa nimeiwekea shule moja mfumo wa matokeo ya mtihani kwenye VPS ya bei nafuu. Siku ya matokeo, ukurasa mmoja ulichukua sekunde ishirini kufunguka. Mwalimu mkuu akanipigia simu: "Kijana wangu, wazazi wananisumbua tangu asubuhi. Hii mashine yako imelala?"

Jibu nililipata kwenye amri ya top. Kuna safu yenye herufi mbili, st, na siku hiyo ilisoma 40. Maana yake, kwa asilimia 40 ya muda, seva yangu ilikuwa na kazi ya kufanya lakini ilingoja, kwa sababu prosesa ilikuwa ikiwahudumia wapangaji wengine. Muuzaji alikuwa amejaza watu kwenye ploti. Ndipo nikaanza kusoma historia ya kitu hiki, na nikaona maswali ya kumwuliza muuzaji yamo humo humo.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wazazi wa wengi wetu. Miaka ya 1960, wahandisi wa IBM huko Cambridge, Massachusetts, waliigawa tarakilishi moja kubwa ili kila mtumiaji aone kana kwamba ana mashine yake. Mwaka wa 1972 IBM ikatoa VM/370 kwa wateja wake. Sababu ilikuwa pesa: mashine ilikuwa ghali mno kumpa mtu mmoja.

Wavuti ulipoenea miaka ya 1990, mwenye tovuti alikuwa na njia mbili. Akodi seva nzima, au abanane na tovuti nyingine nyingi ndani ya Linux moja, ambapo kosa la jirani huwaangusha wote. VPS ilikuja kati ya hizo mbili. Linode ilianza mwaka wa 2003 ikitumia User-Mode Linux, yaani Linux inayoendeshwa kama programu ya kawaida ndani ya Linux nyingine. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walichapisha kazi yao kuhusu Xen. OpenVZ ikafuata mwaka wa 2005, na mwaka wa 2007 KVM ikaingizwa ndani ya Linux yenyewe.

Hapa tusimame kidogo. Katika OpenVZ, wapangaji wote hutumia kerneli moja, kwa hiyo ni rahisi kwa muuzaji kuahidi kumbukumbu nyingi kuliko iliyomo kwenye mashine. Katika KVM, kila mpangaji ana kerneli yake na ukuta ni mnene zaidi. Lakini hata humo prosesa inaweza kuuzwa mara kadhaa, kama nilivyojionea. Swali la kwanza basi: mashine imegawanywaje? Amri ya systemd-detect-virt itakuambia ni KVM, Xen au OpenVZ. Kisha iangalie st saa za kazi, si usiku wa manane.

Swali la pili ni umbali. Nilipokuwa shule ya msingi, sehemu kubwa ya intaneti yetu ya kwenda ng'ambo ilipitia setilaiti, iliyo karibu kilomita 36,000 juu. Kwenda na kurudi tu ni karibu nusu sekunde. Nyaya za baharini zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, ikiwemo SEACOM, hali ikabadilika. Lakini waya haufuti umbali. Ajabu ni kwamba EC2, huduma ya Amazon ya kukodisha seva iliyozinduliwa mwaka wa 2006, ilijengwa na timu iliyokuwa Cape Town. Hata hivyo Amazon haikufungua kituo chake cha data huko hadi mwaka wa 2020. Kwa hiyo usiulize kampuni ni ya wapi. Uliza seva iko wapi, kisha ipime kwa ping ukiwa pale walipo wateja wako.

Swali la tatu ni nakala za akiba. Tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo la data la OVH huko Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja walipoteza data kabisa. Wengine nakala zao zilikuwa papo hapo, motoni. Muuzaji akisema anahifadhi nakala, mwulize anazihifadhi wapi, halafu weka yako kwingine na ujaribu kuirudisha kabla hujaihitaji.

Na bei? Iangalie mwisho. Lipa mwezi mmoja kwanza, hata kama punguzo la mwaka linavutia. Mimi nilikuwa nimelipa mwaka mzima, na pesa hizo sikurudishiwa.

Shule niliihamishia kwenye KVM ya muuzaji mwingine, kwa karibu mara mbili ya bei ile. Muhula uliofuata matokeo yalitoka, st ikasoma 0, na mwalimu mkuu hakunipigia simu. Wewe je, seva yako inasoma ngapi? Ijaribu leo, kisha uniambie. Kwaherini kwa sasa.