Vifaa vya mtoto mwaka wa kwanza: Mwongozo kwa wazazi wa EPZ Athi River

MAMA anayeshona nguo katika kiwanda cha Eneo la Kuzalisha Bidhaa za Kuuzwa Nje (EPZ), Athi River, ana haki ya likizo ya uzazi ya miezi mitatu. Mtoto wake anatakiwa kunyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kulingana na ushauri wa Shirika la Afya Duniani (WHO) na Wizara ya Afya. Pengo hilo la miezi mitatu ndilo linalopaswa kuamua ni vifaa gani vinunuliwe na ni vipi viachwe dukani.

Orodha nyingi za vifaa vya mtoto huandikiwa mzazi mwenye chumba cha mtoto, gari na jokofu. Familia nyingi za wafanyakazi wa EPZ huishi katika nyumba za kupanga za chumba kimoja au viwili Mlolongo, Kitengela na mjini Athi River. Mama huondoka alfajiri na kurejea jioni. Kwa familia kama hiyo, kila shilingi ina kazi yake, na kifaa kisichotumika ni hasara mara mbili kwa kuwa pia hula nafasi.

Maelezo yafuatayo yamepangwa kwa kufuata umri wa mtoto.

KABLA YA KUJIFUNGUA

Cha kwanza kuandaliwa ni karatasi. Kijitabu cha afya ya mama na mtoto hutolewa kliniki mimba inapoanza kuhudumiwa, na ndicho kinachobeba rekodi za uzani na chanjo hadi mtoto akue. Aidha, mama ahakikishe amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, na kwamba michango yake inayokatwa kazini imefika.

Mkoba wa hospitali uwe na leso tatu au nne, shali au blanketi jepesi, nguo mbili au tatu za mtoto, kofia, soksi, nepi, pamba na sodo za mama. Vitu hivi vifuliwe na kuanikwa mapema, hata kama ni vipya.

Nguo za mitumba hazina kasoro yoyote mradi zifuliwe kwa maji moto na sabuni na kupigwa pasi. Kwa vile mtoto hukua haraka, si busara kununua nguo nyingi za mwezi wa kwanza. Ni afadhali kununua chache za kumtosha mtoto mchanga na nyingine za ukubwa wa miezi mitatu hadi sita.

Athi River iko kwenye tambarare iliyo wazi kwa upepo, na usiku wa Juni hadi Agosti huwa na baridi kali. Mtoto atakayezaliwa majira hayo anahitaji nguo za tabaka mbili na kofia. Hata hivyo, jiko la makaa lisiachwe likiwaka ndani ili kupasha chumba joto. Moshi na gesi ya kaboni monoksidi huua mtoto na wazazi wake wakiwa usingizini.

MIEZI MITATU YA KWANZA

Mtoto mchanga anahitaji vitu vichache: pahali pa kulala, pa kuogea, vya kuvaa na vya kujisitiri.

Pahali pa kulala pawe pagumu kiasi na tambarare, pasiwe na mto wala marundo ya nguo, na mtoto alazwe chali. Kitanda cha mtoto si lazima. Godoro dogo lililo imara linatosha. Chandarua kinachofunika pande zote ni cha lazima pale penye mbu.

Beseni moja la plastiki litengwe kwa ajili ya kumwogesha mtoto pekee. Kitovu kiachwe wazi na kikavu, na kipakwe tu dawa itakayotolewa na wahudumu wa afya.

Nepi za kitambaa dazeni mbili hutosha, kwani mtoto mchanga hubadilishwa mara nane au zaidi kwa siku. Nepi za kutupwa ni msaada usiku na safarini, lakini kuzitegemea usiku na mchana hula sehemu kubwa ya mshahara. Pale maji yanaponunuliwa kwa jerikeni, gharama ya kufua nayo ihesabiwe kabla ya kuamua.

Athi River ni mji wa viwanda vya saruji. Penye vumbi jingi, nepi na nguo za mtoto zianikwe mahali palipokingwa, na zikung'utwe na kukaguliwa kabla ya kuvaliwa.

Kipimajoto ni kifaa kidogo chenye manufaa makubwa. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au anayekataa kunyonya, apelekwe kituo cha afya bila kusubiri asubuhi.

Chanjo za kifua kikuu na polio hutolewa mtoto anapozaliwa. Hufuatiwa na nyingine akiwa na wiki 6, 10 na 14. Wiki ya 14 huangukia wakati ambapo mama amekwisha kurudi kazini, hivyo ruhusa ya siku hiyo iombwe mapema.

KURUDI KAZINI

Hapa ndipo orodha ya mama wa EPZ inapotofautiana na orodha za kawaida. Wengi hudhani kwamba kurudi kazini ni mwisho wa kunyonyesha, wakanunua maziwa ya kopo na chupa. Maziwa ya kopo ni ghali, hivyo baadhi ya familia huyazimua kwa maji mengi ili yadumu, na mtoto akadhoofika huku tumbo likionekana kujaa. Chupa nayo ni ngumu kuisafisha, na uchafu unaobaki kwenye chuchu yake huleta kuhara.

Njia mbadala ni kukamua maziwa. Vifaa vyake ni vinne.

Cha kwanza ni chombo cha mdomo mpana chenye kifuniko, kilichooshwa kwa sabuni na kuchemshwa. Vikiwepo viwili au vitatu ni bora zaidi.

Cha pili ni kikombe kidogo cha kumnyweshea mtoto. Hata mtoto mchanga anaweza kunywa kwa kikombe: hupakatwa akiwa ameketi wima, ukingo wa kikombe ukagusishwa mdomo wa chini, naye akaramba maziwa kwa mwendo wake. Maziwa yasimiminwe mdomoni.

Cha tatu ni mkoba au kasha dogo linalohifadhi baridi, pamoja na vipande vya barafu vya kugandishwa tena na tena.

Cha nne ni mikono safi. Pampu ya kukamulia hurahisisha kazi lakini si lazima. Mama huosha mikono, hukanda titi taratibu, kisha huweka kidole gumba juu ya eneo jeusi la titi na vidole vingine chini yake. Husukuma kuelekea kifuani, akabana na kuachia, bila kuvuta chuchu. Mazoezi yaanze wiki mbili kabla ya likizo kumalizika.

Kuhusu muda wa kuhifadhi, maziwa yaliyotoka kukamuliwa hukaa saa 4 katika joto la kawaida la chumba, lisilozidi nyuzi 25. Ndani ya kasha lenye barafu hukaa hadi saa 24, na kwenye jokofu hadi siku 4.

Tarakimu hizo zinaonyesha ugumu uliopo. Mama akikamua saa kumi na moja alfajiri na kuyaacha maziwa mezani, yanapofika saa tatu asubuhi muda wake umekwisha, ilhali yeye hatarejea hadi jioni. Bila baridi, mpango wote huvunjika.

Lakini baridi hiyo si lazima itoke nyumbani. Mama anayekamua kazini wakati wa zamu, akayahifadhi maziwa kwenye jokofu la kiwandani na kuyabeba jioni katika kasha lenye barafu iliyogandishwa huko huko, huwa na maziwa salama ya kumwachia mlezi kesho yake. Mzunguko huo hurudiwa kila siku ya kazi. Maziwa ya zamani yatumike kwanza, na kila chombo kiandikwe siku na saa.

Maziwa hayapashwi kwa kuchemshwa. Chombo huwekwa ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu hadi baridi ipungue. Yaliyobaki kikombeni saa mbili baada ya mtoto kuanza kunywa yamwagwe.

SHERIA INASEMAJE

Jokofu na muda wa kukamua si fadhila ya mwajiri.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017, vifungu vya 71 na 72, inawataka waajiri kutenga mahali pa kunyonyeshea penye vifaa vya kunawia mikono, jokofu au kifaa kingine cha baridi, soketi ya umeme ya pampu, meza ndogo na viti vya starehe. Pia inamtaka mwajiri kumpa mama anayenyonyesha muda wa kunyonyesha au kukamua, mbali na mapumziko ya chakula. Jumla ya muda huo haizidi saa 1 kwa kila saa 8 za kazi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008, ndiyo iliyoleta likizo ya miezi mitatu yenye malipo kamili. Chini ya sheria ya awali, mama alipata miezi miwili na akapoteza likizo yake ya mwaka. Sasa likizo ya mwaka haipotei, na mama ana haki ya kurejea kwenye kazi yake au nyingine inayomfaa isiyo na masharti duni kuliko ya awali. Baba naye hupata wiki mbili zenye malipo, ambazo zinafaa kutumiwa kufua nepi na kufuatilia cheti cha kuzaliwa.

Kwenye laini ya ushonaji, kila mshonaji ana sehemu yake ya vazi, na anayeondoka husimamisha kazi ya anayemfuata. Ndiyo sababu mama wengi husita kuomba muda huo. Ni heri ombi liandikwe na kuwasilishwa kabla ya likizo kuisha, kupitia afisa wa wafanyakazi au mwakilishi wa chama, na saa za kukamua zitajwe ili msimamizi apange mtu wa kushika nafasi. Vipindi viwili vya nusu saa, au vitatu vya dakika 20, huweza kupangwa bila kuvuruga kazi.

MLEZI NA DEIKEA

Kasha la maziwa halina faida iwapo mlezi hajui kulitumia. Kabla ya kurudi kazini, mama akae na mlezi siku kadhaa na kumwonyesha jinsi ya kunawa, kupasha maziwa na kunywesha kwa kikombe.

Anayetumia deikea ya mtaani achunguze mambo haya: idadi ya watoto wachanga kwa kila mlezi, maji ya kunawa, mahali jiko lilipo, na pahali pa kulala. Mlezi asimpe mtoto dawa yoyote, zikiwemo za mafua ziletazo usingizi, bila idhini ya mzazi. Deikea iliyo karibu na lango la kiwanda ina faida ya pekee, kwani mama anaweza kutumia muda wake wa kisheria kwenda kunyonyesha.

MIEZI SITA HADI MWAKA

Baada ya miezi sita, mtoto huanza vyakula huku akiendelea kunyonya. Anahitaji bakuli lake, kijiko kidogo na kikombe. Mashine ya kusaga chakula si lazima. Uma hutosha kuponda viazi, ndizi, maharagwe au yai. Bakuli lake likiwa peke yake, mama au mlezi hujua amekula kiasi gani. Asali isitumiwe kabla ya mwaka mmoja.

Maji nayo yaangaliwe. Maji ya visima katika ukanda wa Athi River na Kitengela hujulikana kwa chumvi na madini ya floridi, ambayo yakizidi hutia meno madoa ya kahawia. Kiwango cha WHO hakizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha huua viini lakini hakuondoi floridi, hivyo uji wa mtoto upikwe kwa maji ya mvua au ya bomba yaliyotibiwa, kila yanapopatikana.

Mtoto anapotambaa, vifaa huwa ni vya kinga: kizuizi cha jiko, rafu ya juu ya mafuta taa na dawa, na ndoo zenye vifuniko. Mtoto huweza kuzama katika maji machache ya ndoo. Chanjo ya surua na rubella hutolewa akiwa na miezi 9.

VISIVYOHITAJIKA

Vigari vya kujifunzia kutembea havifai. Canada ilivipiga marufuku mwaka 2004 kutokana na ajali, na havimharakishi mtoto kutembea. Poda, mito ya watoto na viatu kabla ya kutembea pia vinaweza kuachwa. Chupa na maziwa ya kopo visinunuliwe kwa kushawishiwa dukani. Sheria ya mwaka 2012 inakataza kuyatangaza. Mama ambaye kwa sababu za kiafya hawezi kunyonyesha apate ushauri wa mhudumu wa afya.

Mwenye fedha chache aanze na chandarua, nepi, beseni, kipimajoto, kikombe na kasha la baridi. Vingine vinaweza kusubiri mshahara ujao, lakini mazungumzo na mwajiri kuhusu jokofu na saa ya kukamua hayapaswi kusubiri.